Tani Mbili Nilizoziandika Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimechuchumaa mbele ya garaji yangu hapa Nakaloke, karibu na mji wa Mbale, kopo la rangi nyeupe mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia, naandika maneno mawili juu ya chuma. Niliandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi zisije zikapinda. TANI MBILI. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama, nikaridhika. Maneno hayo mawili yalimpotezea mtu mkono wake wa kulia, na mtu huyo ndiye aliyenifundisha kushika spana.

Nakwambia haya kwa sababu ya zile picha ulizonitumia kwenye simu. Unasema umepata kiwanja Busiu, kando ya barabara ya Tororo, unafungua garaji, na unataka kujua ununue chombo gani cha kunyanyulia injini ukiwa peke yako. Kreni ya magurudumu? Winchi ya mnyororo? Au ufunge tu kamba kwenye boriti ya paa kama wafanyavyo jirani zako? Swali ni zuri na nitalijibu. Ila uniwie radhi, mzee hajibu swali mpaka azunguke nyumba nzima kwanza. Ukiona nakuchelewesha, weka simu chini, kanywe chai, halafu urudi. Chai nayo imo katika habari hii.

Mimi si mtu wa Mbale kwa kuzaliwa. Nilizaliwa Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi za Walukuba, baba yangu akiwa mtu wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kiliposimama, baba alikaa mlangoni akitazama wapita njia, na mimi nikapelekwa kwa Afande Kassim nijifunze kazi ya magari.

Afande Kassim alikuwa wa wale Waislamu ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani kuwa askari. Yeye mwenyewe alijifunza injini jeshini, na alipotoka huko alitoka na vitu viwili: jina la Afande na Kiswahili cha kambini. Kiswahili chenyewe kiliwashtua majirani. Unajua kwetu Uganda, mtu wa umri fulani akisikia Kiswahili nyuma yake bado hugeuka haraka kuangalia kama kuna bunduki. Kina mama wa Walukuba walikuwa wakimpisha njia. Kumbe hakuwa na sauti hata ya kufukuzia kuku.

Garaji yake ilikuwa uwanja mtupu wenye mabomba matatu marefu yaliyokutana juu, na pale yalipokutana ilining'inia winchi ya mnyororo. Tuliiita miguu mitatu. Gari liliingizwa katikati, injini ikafungwa, ukavuta mnyororo, ikapanda. Lakini kwa Afande haikupanda hivi hivi. Ilipoachana tu na gari, kimo cha shibiri moja, yeye aliinua kidole. "Shibiri. Simama." Kisha akasema, "Wote toka. Chai."

Hapo kila mtu aliacha alichoshika. Tuliketi juu ya matairi makuukuu, mbali kidogo, chai ya tangawizi ikamiminwa, na injini ikabaki inaning'inia bila mtu. Afande alikunywa kwa utaratibu wa kukera. Anapuliza, anaonja, anapuliza tena, na macho hayatoki kwenye mnyororo. Alipokiona kitako cha kikombe ndipo tuliporudi kazini. Mteja awe na haraka ya namna gani, mvua iwe imetanda juu ya ziwa, chai ya injini ilikuwa lazima inywewe. Sisi vijana tulimcheka kwa siri. Tulisema injini za Afande haziwezi kutoka mpaka zisomewe dua.

Mara moja tu, katika miaka yote niliyokaa kwake, niliona ile chai ilikuwa inangoja nini. Tulikuwa tumeketi, injini ya pikapu inaning'inia, tukasikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa. Pete moja ya mnyororo ilifunguka. Injini ikashuka ikapenya chini ya pikapu, ikazama mchangani, mahali ambapo muda mfupi nyuma palikuwa na magoti yangu. Afande hakusimama. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini, akauliza, "Nani nakufa?"

"Hakuna, Afande."

"Basi chai namaliza kazi yake."

Ungedhani nilijifunza siku hiyo. Ujana, mwanangu, ni ugonjwa wa masikio. Nilitetemeka siku mbili, ya tatu nikaanza kusimulia habari hiyo kama kichekesho.

Nilipotimiza miaka ishirini na minne nilimuaga. Mjomba wangu alikuwa na kipande cha ardhi hapa Nakaloke, karibu na soko, akaniruhusu nifungue kazi. Afande aliniombea dua, akanipa spana tatu za kuanzia, akanishika bega. "Rajabu, usifanye kazi peke yako," akasema. Nikaitikia ndiyo, Afande. Kisha nikaja huku nikafanya kazi peke yangu.

Si kwamba watu walikosekana. Nilitaka jina. Niliona fundi mwenye wasaidizi anagawana nao sifa, na mimi sifa nilizitaka zote ziingie mlango mmoja. Nikazipata. Watu wa soko waliniita Peke. "Lipeleke gari kwa Peke, anatoa injini kama anayeng'oa muhogo." Nikisikia hivyo nilikuwa navimba, silali mapema. Wakubwa wetu walikwisha sema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mimi niliona hiyo ni methali ya watu wenye vidole dhaifu.

Miguu mitatu niliiona ni mambo ya wazee. Mjini Mbale nilikuwa nimeona kreni ya magurudumu, ya kiwandani, unapampu jeki na mkono wake unapanda wenyewe. Bei ya ile ya kiwandani sikuiweza. Nikamwendea fundi wa kuchomelea, nikamchorea kwenye karatasi, akaniundia ya kwangu kwa mabomba ya skrapu. Mkono wake ulikuwa bomba ndani ya bomba, wenye matundu manne, ili uweze kuuvuta mbele kwa gari lenye pua ndefu kisha uukaze kwa bolti. Nilimuuliza inabeba kiasi gani. Alifuta jasho akasema, "Inabeba tu, bwana."

Na kweli ilibeba. Injini za magari madogo ilizitoa moja baada ya nyingine, watu wakaja kutazama. Lakini wenye magari makubwa waliniuliza kila mara: hii inabeba tani ngapi? Nikachoka kujibu "inabeba tu". Ile ya kiwandani ilikuwa na maandishi ubavuni, na yangu ilikuwa chuma kitupu. Ndipo nilipotafuta kopo la rangi. Kwa nini tani mbili? Kwa sababu moja ilionekana kidogo, na tatu ilionekana uongo.

Sasa sikiliza ajabu hii. Mwezi wa kwanza nilijua vizuri kwamba mwandishi ni mimi. Mwezi wa tatu nilikuwa nayasoma maneno yale kama yameandikwa na mtu mwingine. Mwaka ulipokwisha, mtu akiniuliza, nilimwonyesha kwa kidole: si unaona imeandikwa? Nilikuwa nimedanganywa na mwandiko wangu mwenyewe, na sikuona aibu yoyote.

Siku yenyewe ilikuwa wakati wa mavuno. Mwenye lori aliitwa Wandera, mfanyabiashara wa mahindi wa huko huko Busiu kwako, na tangu asubuhi alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. Injini ya lori lake ilikuwa imekwama, magunia yake yamelala nje, na mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani. "Peke, leo ndiyo leo," alikuwa akisema kila nikiinua macho. Nilikwisha kulegeza kila kitu. Pua ya lori ilikuwa ndefu, kwa hiyo niliuvuta mkono wa kreni mpaka tundu la mwisho, la nne. Tundu hilo sikuwahi kulitumia hata siku moja.

Hapo nikamwona Afande Kassim anavuka barabara, kanzu nyeupe, chupa ya chai kwapani. Alikuwa amekuja Mbale kwenye mazishi ya jamaa yake, akasema hawezi kurudi Jinja kabla hajaona garaji ya mtoto wake. Ndivyo alivyomwambia Wandera: mtoto wake. Kisha akanikabidhi ile chupa, mpya, bado ina karatasi ya dukani, chai ya moto imejaa ndani. "Garaji bila chai iko nyumba bila mlango," akasema. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaiweka juu ya tairi.

Aliizunguka kreni bila haraka. Alisoma kwa sauti, "Tani mbili." Akaigusa herufi ya kwanza kwa kidole. "Nani naandika hii?"

Wandera alikuwa pale pale, anasikiliza. Neno moja, mwanangu. Ningesema tu "mimi", Afande angecheka, angenitukana kidogo, tungeita watu watano kutoka sokoni, na leo ningekuwa nakusimulia habari nyingine. Nilimwangalia mteja wangu, nikamwangalia mwalimu wangu, nikasema, "Aliyeiunda, Afande. Aliijaribu kwanza."

Aliniamini. Alikuwa mtu wa jeshi. Huko walikotoka wao, kitu kikiandikwa tani mbili basi kuna mtu aliyekipima na kutia sahihi.

Kisha akaitazama ile chupa juu ya tairi. "Na chai?"

Nilicheka, tena kwa ajili ya Wandera. "Afande, chai ilikuwa ya miguu mitatu. Hii ni mashine."

Niliona uso wake unataka kusema jambo, halafu ukaliacha. Akainamisha kichwa kama mgeni anayeonyeshwa mahali pa kuketi. "Sawa," akasema. "Hapa afande iko wewe."

Hiyo ndiyo adabu ya watu wale. Katika nyumba ya mtu, amri ni ya mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba ni mjinga uliyemfuta kamasi. Hakutaka kunivunjia heshima mbele ya mteja wangu. Heshima yake kwangu ndiyo iliyomponza.

Nikapampu. Injini ikaachana na raba inazokalia, shibiri moja, shibiri mbili, nami sikusimama. Ndipo ikaanza kuzunguka taratibu kuelekea upande wa Wandera, aliyekuwa anachungulia. Kunyanyua injini ni kazi mbili: kuna kuipandisha na kuna kuiongoza, na aliye peke yake ana mikono ya kazi moja tu. Mimi nilikuwa kwenye jeki. Afande alikunja kanzu yake mpaka kiwiko, akanyoosha kiganja akaituliza injini, kama mtu anavyomtuliza ng'ombe.

Bomba likapinda pale pale kwenye tundu la nne. Halikutoa hata sauti kubwa. Injini ilishuka zile shibiri mbili ilizopanda, ikakaa juu ya chasisi, na mkono wa kulia wa Afande ulikuwa katikati.

Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Inua."

Nikapampu. Jeki ikapanda, bomba likazidi kukunjika, injini haikutikisika. "Inua, Rajabu." Nikaikamata injini kwa mikono yangu, nikavuta mpaka nikasikia kitu kimekatika mgongoni, nayo haikujua kama nipo. Wandera alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa. Hapo ndipo Peke alipokimbilia barabarani akapiga mayowe. Niliita kila jina nililolijua. Wakaja vijana wa boda kutoka stendi yao, wakaja wauza nyanya, akaja muadhini bila viatu, wakaja watu wale wale niliokuwa nikijigamba mbele yao kwamba siwahitaji. Walikuwa tisa au kumi. Walipenyeza gogo chini ya injini, wakahesabu, wakainua pamoja, ikapanda. Ilipanda kwa urahisi, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni ya kweli, ila haikumaliza maneno. Wakati mwingine asiyesikia hubaki mzima, anatembea, anakula, anazeeka, na anayevunjika ni mkuu mwenyewe.

Hospitalini walimkata vidole vinne. Kilibaki kidole gumba, na gumba peke yake haliwezi kushika hata nati. Alirudi Jinja na kitambaa cheupe, akawaambia watu wote wa Walukuba kwamba kosa lilikuwa lake. "Mimi naweka mkono," alisema kila alipoulizwa. Jina langu hakulitaja kwa ubaya popote.

Sisi mafundi tunasalimiana kwa kifundo cha mkono, kwa sababu viganja vina grisi. Afande aliendelea kusalimia hivyo hivyo, ananyoosha kifundo, kiganja amekificha ndani ya kanzu, na wasiomjua walidhani ametoka kazini. Kazini hakurudi tena. Vijana wake walitawanyika, ile miguu mitatu ikabaki uwanjani inashika kutu, na mwishowe watu wakaanikia nguo.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa chakula. Tangu utoto amekula kwa mkono wa kulia, kama sisi sote. Shehe alimwambia mwenye udhuru hana dhambi akitumia wa kushoto. Alisikia, akakubali, na hakula tena mbele za watu. Kwenye harusi za Walukuba, sinia la pilau likiletwa, Afande alikuwa anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Haya niliyajua kwa kusimuliwa na mkewe, kwa sababu mimi nilikaa miezi miwili bila kwenda. Nilikuwa naona haya, na haya ya namna hiyo ni jina jingine la woga.

Nilipokwenda nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake. Nilipiga magoti. Nilimwambia yale maneno ya rangi ni mimi niliyeyaandika, hakuna aliyepima, hakuna aliyejaribu, na nilimwambia uongo kwa sababu mteja alikuwa anasikiliza. Mkewe alileta chai. Afande alikinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto, kikatetemeka, chai ikamwagika juu ya kanzu. Nikanyoosha mkono kumsaidia. Akaniangalia, nikaurudisha.

"Mimi najua kusoma," akasema. "Wewe najua kusoma. Chuma hapana jua kusoma."

Nikalia. Nikamwomba anisamehe.

"Mimi nasamehe zamani," akasema. "Lakini kidole hapana samehe. Kila mvua nauma, na yeye haiko." Akanywa kidogo, akaendelea, "Wewe nadanganya mimi mbele ya chuma, Rajabu. Danganya mtu mbele ya mtu, mtu nakasirika, naisha. Mbele ya chuma hapana. Rudi. Futa."

Nilirudi nikaifuta kwa petroli na msasa mpaka chuma kikabaki uchi. Kisha nikaikatakata kreni yenyewe. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na mimi wangu amekwisha kuota ndevu.

Afande aliishi miaka sita baada ya hapo. Siku ya kumwosha waliniita niwe mmoja wa wamwagao maji, maana alikuwa ameusia hivyo. Wewe unajua desturi yetu, maiti huanzwa upande wa kulia. Mwoshaji akauinua ule mkono, akaniambia mwaga. Nikamwaga. Pale palipokuwa na vidole maji hayakuwa na kitu cha kuyazuia, yakapita moja kwa moja. Tangu siku hiyo sijaweza kuona kopo la rangi nyeupe likiwa wazi.

Basi, mwanangu, sasa nalijibu swali lako.

Boriti ya paa iache. Aliyeijenga alifikiria mabati na upepo, hakufikiria injini. Tawi la mti nalo vilevile, maana mti haujawahi kumwambia mtu umeliwa na wadudu mpaka wapi. Kreni ya magurudumu ni nzuri, ila inataka sakafu ya saruji. Kiwanja chako ni udongo, na kwenye udongo magurudumu huzama upande mmoja, mzigo ukainama, na ukiinama umekwisha. Tena ujue siri ya ule mkono wake: kadiri unavyouvuta mbele ndivyo unavyobeba kidogo. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na kifua, halafu unyooshe mkono, utanielewa bila shule. Ukiambiwa inabeba tani mbili, uliza: kwenye tundu la ngapi? Mimi sikuuliza, maana wa kuulizwa nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nunua winchi ya mnyororo, na uiundie miguu mitatu ya bomba nene. Kila mguu uuweke juu ya ubao mpana usizame, kisha uifunge miguu yote kwa mnyororo chini isije ikatanuka. Nakuchagulia hiyo kwa sababu ukiuachia mnyororo, mzigo unabaki pale ulipo, na wewe unaweza kuondoka ukasimama mbali. Jeki ya mafuta huvuja kimya kimya, inashuka huku umeigeuzia mgongo. Winchi iwe ya kiwandani, uzito wake umechongwa kwenye chuma chenyewe, si rangi. Ukiisoma, gawa kwa mbili kichwani mwako, na usivuke hapo. Ndoano iwe na ulimi wake wa kufungia, mzigo usichomoke. Kamba ya katani mwachie mbuzi. Na kabla hujanyanyua, ipunguze injini: toa giaboksi, toa stata, mwaga mafuta, fundi hodari hanyanyui kitu anachoweza kukifungua.

Mkono usiuweke. Ikizunguka, iongoze kwa kamba ndefu ukiwa mbali. Ikitaka kugonga, iache igonge, rediata hununuliwa.

Ama hilo neno lako la "peke yangu", mwanangu, sina chombo cha kukuchagulia. Nimezunguka maduka ya Mbale na ya Jinja, hakiuzwi. Kuna winchi itakayokusaidia kupandisha, lakini hakuna itakayokwenda barabarani kukupigia mayowe. Ita mtu. Hata awe muuza ndizi asiyejua spana ni nini, aketi tu pale, akuone. Usione haya. Ile siku ya lori, watu kumi walikuwa hatua hamsini kutoka kwangu, na wangekuja kabla kama walivyokuja baada.

Ikipanda shibiri moja, simama. Toka. Keti ukanywe chai mpaka uone kitako cha kikombe. Ile chupa aliyoniletea Afande ninayo mpaka leo. Siku ile haikufunguliwa. Nilikuja kuifungua kesho yake, chai ilikuwa imepoa, nikainywa yote hivyo hivyo nimesimama karibu na lori. Nitaituma kwako Busiu na taksi ya abiria ya Jumatatu, nitamwambia kondakta aishike wima. Na akija mgeni aliyekuzidi umri akakuuliza, "Na chai?", usicheke. Mmiminie.

Nenda, mwanangu, ufungue kazi yako. Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyo na damu ya mtu ndani yake. Akupe jirani wa kukusikia ukiita, na akupe ulimi wa kusema "ni mimi" mapema, wakati neno hilo bado linasaidia. Akuzeeshe na vidole vyako kumi. Na siku yako ikifika, watakapokulaza na kuanza upande wa kulia, anayemwaga maji ayaone yakitua mahali.